Kinanda Kisichojua Kusubiri

Watu wa Bugarama, wilayani Ngara, walimwita Aron DJ wa Mchana, na waliompa jina hilo hawakukusudia kumsifu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya kambi ya Lukole. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wakipanda malori kurudi kwao, lakini soko la Benaco lilikuwa bado limechangamka, na kila mwenye spika mbili na jenereta alijiita DJ. Walipiga muziki kwenye vilabu vya pombe mpaka majogoo wakawika, tena nyimbo ambazo mtu hawezi kuzisikiliza akiwa amekaa na mkwewe. Muziki si dhambi. Dhambi ni kumlevya mtoto wa mwenzako, ukampigia wimbo wa matusi, kisha ukamwita mteja. Nimewaona vijana wazuri wakiharibika hivyo, na waliowaharibu wakijisifu kwamba wanaleta maendeleo.

Aron alikuwa na masharti yake. Hakupiga kilabuni. Hakupiga wimbo wa matusi hata mwenye sherehe akiutaka. Na jua likizama alizima jenereta, awe mgeni rasmi ameinua mguu au ameushusha. Siku moja kwenye ubatizo, mjomba wa mtoto alimshika shati akimtaka aendelee, kwa sababu yeye mjomba ndiyo kwanza ameanza kunogewa. Aron hakubishana naye. Alikunja nyaya zake, akamshika mjomba mkono, akamsindikiza hadi nyumbani kwake huku akimwimbia kwa mdomo ule wimbo alioutaka. Kesho yake mjomba alisimulia kila mahali kwamba yeye peke yake ndiye aliyepigiwa muziki baada ya jua kuzama.

Wazazi wa Aron walitoka Burundi miaka ya sabini, wakapewa shamba, wakapanda migomba na kahawa. Yeye alizaliwa hapa hapa. Kazi ya muziki aliianza na kinanda cha zamani cha parokia, kilichokuwa na midundo ndani yake na vitufe kadhaa vilivyokufa. Vitufe hivyo alivijua kama mtu anavyojua mashimo ya njia ya kwao, akaviruka bila kutazama. Siku kinanda hicho kilipozima kabisa, Aron alisikitika kama aliyefiwa na ng'ombe, akaanza kutafuta kingine.

Alikipata Benaco. Mfanyakazi mmoja wa shirika la misaada alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao Ulaya, na vitu alivyoviacha vilikuwa vimetandazwa juu ya turubai. Kati ya masufuria na mahema kulikuwa na kinanda cheusi, chembamba, kizuri, chenye vitufe vyote hai na miraba minane ya mpira upande mmoja. Aron alikibonyeza, kikawaka taa nyekundu. Hakuuliza zaidi. Alitoa baiskeli yake, akabadilishana, akarudi kwa miguu akiwa amebeba kinanda kichwani.

Nyumbani alitafuta tundu la kuchomekea waya wa spika. Hakuliona. Alikigeuza chini, akakitazama ubavuni, akatafuta hata penye skrubu. Jirani yake Clever, fundi baiskeli, alikuja kusaidia, na akaishia kukaa chini kwa kicheko.

"Meno yote yapo," alisema Clever, "ila ulimi waliondoka nao Ulaya."

Habari zilienea. Kwa muda mrefu Aron hakuweza kupita barabarani bila kuulizwa kama kinanda kimeshaanza kutamka.

Aliyemwokoa ni Nizigiyimana, mkimbizi wa makamo aliyekuwa akipiga kinanda kwenye bendi huko Bujumbura kabla ya vita, na ambaye hapo kambini alifundisha kompyuta kwenye kituo cha vijana. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, kwa hiyo Aron ndiye aliyemfuata kila siku ya soko, na kinanda chake kichwani.

"Umebeba mkono, ndugu yangu," Nizigiyimana alimwambia siku ya kwanza. "Mkono hauimbi. Koo ni kompyuta. Hiki kinaiambia kompyuta cha kufanya, basi."

Aliita kitu hicho kontrola. Alikichomeka kwenye kompyuta ya kituo kwa waya mwembamba, akabonyeza, na spika ndogo za mezani zikatoa sauti ya tarumbeta. Akabonyeza mraba wa mpira, ikatoka ngoma. Aron alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha Nizigiyimana akamwonyesha jambo lililomnyima usingizi: kila mraba unaweza kutunza sauti yoyote unayoirekodi. Wakarekodi makofi. Wakarekodi mchi wa mama mmoja aliyekuwa akitwanga jirani. Wakarekodi mbuzi. Mchana wote kituo kile kilisikika kama zizi lililojifunza kwenda kwa mdundo, na watoto wa kambi walijaa madirishani.

Ili apate kompyuta mpakato yake mwenyewe, Aron alilima maharage ya msimu mzima, akauza yote Ngara mjini, akarudi na mashine kuukuu iliyokuwa ikipata joto kama chungu jikoni. Waliomcheka walinyamaza. Harusi yake ya kwanza kwa kontrola ilikuwa ya jirani, na ilipotoka sauti ya mbuzi katikati ya wimbo, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, bibi mmoja aliinuka kwenda kumfunga mbuzi wake.

Hapo ndipo Aron alipoona kwamba ameshakuwa mtu wa kuoa, na akamtaja Claudia.

Claudia alifundisha chekechea ya parokia kule Ntobeye. Walijuana kwenye kwaya, wakapendana kwa heshima, na yeye mwenyewe alikuwa radhi. Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Privatus, katekista, mtu mwembamba aliyevaa koti hata kwenye jua la saa saba. Huyu alikuwa amezika vijana wawili waliouana kwa visu nje ya disko, na tangu hapo neno DJ lilikuwa baya masikioni mwake. Alimwita Aron aje peke yake.

Aron alifika, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa kigoda. Aliulizwa analima nini, akajibu. Akaulizwa na kazi nyingine ni ipi.

"Napiga muziki kwenye sherehe, mzee."

"Ngoma?"

"Kinanda. Na kompyuta."

"Kwa hiyo unabonyeza."

"Nabonyeza, mzee."

"Na ukishabonyeza, nani anapiga?"

Aron, kwa faida yake, hakubuni jibu la uongo. Mzee Privatus alimtazama, kisha akampa sharti lake. Irine, binti wa kaka yake, ambaye ndugu hao wawili walimlea pamoja baada ya mama yake kufariki, angeolewa baada ya mavuno na kijana aitwaye Mihayo, wa Bisibo, wilaya ya Biharamulo. Aron angepiga muziki siku hiyo. Mzee angemtazama tangu asubuhi. Akiona kazi ya mtu mwenye adabu, Aron amtume baba yake alete posa. Akiona uhuni, jina la Claudia asilitaje tena.

Claudia alipopata habari alicheka, akamwambia amekosea mtu wa kumwogopa. "Baba anamsikiliza Mungu kwanza, halafu shangazi Domisiana, halafu ndiyo sisi wengine. Mwogope shangazi."

Shangazi Domisiana alikuwa dada mkubwa wa Mzee Privatus, mjane, mwenye sauti iliyoweza kuvuka bonde. Katika ukoo ule, bibi harusi hatoki kwenye uwanja wa baba yake mpaka shangazi amalize wimbo wa kumuaga. Bibi harusi hupiga magoti kwenye mkeka, wanawake hupiga makofi na ngoma ndogo, na shangazi huimba akimwonya na kumtajia watu wake, walio hai na waliokufa. Wimbo ukikatika, safari haipo.

Aron alifanya jambo la busara: alimwendea mapema. Aliwakuta wanawake wakimenya ndizi, akaomba ruhusa ya kuwarekodi.

"Utaniweka mle ndani?" Domisiana aliuliza, akiitazama kompyuta.

"Sauti tu, shangazi."

"Basi niweke vizuri, nisibanwe. Mimi mnene."

Waliimba, akarekodi yote. Hadi hapo hakuna aliyeweza kumlaumu. Kosa alilifanya akiwa nyumbani. Aliposikiliza alichorekodi, aligundua kwamba shangazi alikuwa akinyamaza hapa na pale, mara kwa muda mfupi, mara kwa muda mrefu, na makofi nayo yalikuwa yakinyamaza pamoja naye. Aron aliona vimya vile kama mawe kwenye mchele, akavipembua kimoja kimoja. Aliyapanga makofi yaende mfululizo bila kukatika, laini kabisa, kama zinavyofanya kanda za mjini. Pengine Nizigiyimana angemzuia, lakini alikuwa ameshaondoka na lori kwenda kwao. Aron akabaki na ujuzi wa mashine bila mtu wa kumwambia mashine imekosea. Hilo ndilo tatizo la vifaa vya kisasa: havikukatazi kitu.

Siku ya harusi ilianza vizuri. Mzee Privatus alisimama karibu na spika tangu misa ilipokwisha, mikono nyuma ya koti, akimtazama Aron kama anayesimamia mtihani. Aron alikunywa maji. Alipoletewa pombe ya ndizi alishukuru, akaipitisha kwa mzee mmoja aliyekuwa akiisubiri kwa hamu. Alipiga nyimbo za kwaya, nyimbo za kuwakaribisha wageni, na hata wimbo wa Kisukuma kwa heshima ya watu wa Bisibo, ambao walicheza hadi vumbi likawafanya wote kuwa wa kabila moja.

Mchana dereva wa basi la bwana harusi alianza kuangalia saa. Miaka ile magari hayakuvuka msitu wa Biharamulo yenyewe kwa sababu ya majambazi. Yalikusanyika Benaco na kuvuka kwa msafara, yakisindikizwa na polisi. Ukichelewa msafara, unalala njiani. Kwa hiyo wimbo wa kumuaga Irine uliitwa mara moja.

Irine akapiga magoti. Shangazi Domisiana akasimama. Aron akabonyeza.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Wanawake walisikia makofi yao wenyewe yakitoka kwenye spika, wakatazamana, wakacheka, wakapiga juu yake. Shangazi akaimba ubeti, akaimba wa pili, kisha akanyamaza, akamwinamia Irine.

Makofi hayakunyamaza. Yaliendelea, pa-pa, pa-pa, kama mbuzi aliyekata kamba. Shangazi aliinua mkono kuyatuliza. Yakaendelea. Akarudi kwenye wimbo kwa haraka, lakini mdundo ulikuwa umeshafika mbele, na sasa wanawake wengine walimfuata shangazi, wengine wakaifuata spika, na mpiga ngoma, ambaye alikuwa mtu wa amani, akajaribu kuwafuata wote. Wageni walianza kucheka. Shangazi Domisiana alitazama spika, akatazama watu, akavuta kigoda, akakaa.

"Wimbo umepata mwimbaji mwingine," alisema. "Basi na aolewe na spika."

Aron alizima. Wazee walimsihi shangazi. Alijibu kwamba wimbo umekatwa na yeye hajui ulikatwa wapi. Mjomba mmoja akashauri mashine iondolewe na wanawake waimbe wenyewe, shangazi akakataa. "Aliyeniingiza mle ndani anitoe," alisema. Nje, dereva alipiga honi. Mihayo, bwana harusi, alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake na jasho likimtiririka, asijue kama ameoa au hajaoa. Mzee Privatus alizidi kumtazama Aron. Claudia, upande wa wanawake, alikuwa ameinamisha uso.

Kijana mwingine angesingizia umeme. Wapo wengi ambao wangesema waya umelegea, au kompyuta ni mbovu, na watu wa pale wasingejua. Aron aliacha vyombo vyake, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akapiga magoti mbele ya shangazi.

"Shangazi, kosa ni langu. Ulikuwa unanyamaza, mimi nikavitoa vile vimya. Nilidhani unapumzika."

"Napumzika," alisema shangazi polepole. "Nikishamtaja mama yake marehemu, nanyamaza ili mama yake naye aseme la kwake. Wewe umempigia makofi usoni."

Irine, aliyekuwa bado kwenye mkeka, alifuta macho. Hata watu wa Bisibo waliacha kucheka.

"Naomba nirudie," alisema Aron. "Nitapiga kwa vidole vyangu, kofi moja moja. Ukinyamaza, nanyamaza. Mashine haitaenda peke yake."

"Na nikinyamaza sana?"

"Nitanyamaza sana."

Shangazi alimpima kwa macho, kisha akanyoosha mkono ainuliwe kutoka kwenye kigoda. Aron alirudi kwenye kontrola. Mfululizo ule alioupanga kwa bidii aliufuta kabisa, akabaki na sauti mbili: kofi la wanawake kwenye mraba mmoja, ngoma ndogo kwenye mwingine. Akaweka vidole juu, akamtazama shangazi mdomoni.

Shangazi alianza kuimba, naye Aron akagonga. Wanawake wakaingia. Alipofika kwa marehemu mama wa Irine alinyamaza, na vidole vya Aron vikasimama hewani. Ulisikika upepo kwenye majani ya migomba na sauti ya Irine akilia taratibu. Shangazi aliporudi, kofi lilimpokea mahali pale pale alipokanyaga.

Basi akaona raha. Alimtaja bibi mzaa baba, akanyamaza. Akamtaja ng'ombe aliyewahi kunyonyesha ukoo mzima wakati wa njaa, akanyamaza. Kisha, katikati kabisa ya ubeti, mahali ambapo hakuna mtu wa kutajwa, akanyamaza kwa muda mrefu kupita yote. Dereva akapiga honi. Watu wakageuka kumtazama Aron. Vidole vyake havikushuka.

"Kijana," alisema shangazi, "umeme umekatika?"

"Umeme upo, shangazi. Nakusubiri wewe."

Wanawake waliangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele, na shangazi akaumalizia wimbo kwa sauti ambayo nadhani waliisikia ng'ambo ya mpaka. Irine aliinuliwa, akatoka kwenye uwanja wa baba yake kwa miguu yake, akapanda basi. Msafara waliuwahi. Ulikuwa umechelewa wenyewe, kama ilivyo desturi ya msafara siku ambayo watu wameukimbilia.

Waliobaki Ntobeye walicheza mpaka jua likagusa kilima. Lilipozama, Aron alizima jenereta. Vijana walinung'unika, wakamwita jina lake la DJ wa Mchana, naye akakunja nyaya. Mzee Privatus alikuja kumsaidia, akaukunja waya mmoja vibaya sana, na Aron akauacha hivyo hivyo kwa heshima.

"Umekosea mbele ya watu," alisema mzee.

"Ndiyo, mzee."

"Na umekiri mbele ya watu." Akaendelea kuusokota waya. "Nimeishi na dada yangu tangu nilipozaliwa. Sijaona mtu akimsubiri bila kununa, hata mimi mwenyewe. Mtume baba yako."

Mashine haina adabu wala utovu wa adabu. Vyote viwili ni vya mwenye mashine. Hilo nawaambia vijana wanaofikiri kwamba kifaa kipya kitawapa heshima ambayo hawajaitafuta. Na nawaambia pia wazee wenzangu tunaofikiri kwamba kila chenye waya kimetoka kuzimu.

Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Harusi ilipokaribia Aron alitaka kuandaa muziki wake mwenyewe, japo kidogo, japo wa kuingilia. Claudia alimkatalia. Alimwambia siku hiyo yeye ni bwana harusi, na bwana harusi kazi yake ni kukaa. Kwa hiyo wimbo wa kumuaga Claudia uliimbwa kwa mikono ya wanawake peke yake, na Aron alikaa upande wa wanaume akiwa amevaa suti ya kuazima, mikono mitupu, hana cha kubonyeza.

Shangazi Domisiana hakuwa na haraka. Kila aliponyamaza, vidole vya Aron vilisimama juu ya goti lake. Kila aliporudi, vilishuka. Hakujua kama anafanya hivyo. Claudia alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, na desturi ilimtaka ainamishe uso na kuhuzunika, lakini alichungulia kwa kuibia, akaviona vile vidole vikisubiri hewani, akacheka kwa sauti. Shangazi, aliyekuwa katikati ya maonyo mazito kabisa kuhusu ndoa, ilibidi aanze wimbo upya.